Pedali ya Pili

Gari lilikufa Jumatatu asubuhi, katikati ya somo la kurudi nyuma, na Jumatatu ya saba ilipofika lilikuwa bado mbele ya geti la Mama Breki, limeota mizizi. Kuku wa jirani walikuwa wameshahamia chini yake. Kila mpita njia alikuwa na lake la kusema. Mmoja aliuliza kama ni sanamu ya kumbukumbu, mwingine akashauri litobolewe dirisha la pembeni liuziwe soda. Mama Breki aliwajibu wote, na katika majibu yake hakuna hata moja linaloandikika hapa.

Kazi yake ilikuwa kufundisha watu kuendesha gari. Kwa miaka ishirini na moja alikuwa amefundishia gari hilohilo. Jina alipewa na wanafunzi, na alilipata kwa haki. Mwanafunzi akielekea mtaroni, au akimwona mwenye baiskeli na kuanza kumfikiria badala ya kupunguza mwendo, Mama Breki alipiga ukelele mmoja tu: "Breki!" Ukelele huo ulifika hadi sokoni, wauza nyanya wakashtuka. Papo hapo mguu wake nao ukakandamiza pedali ya pili, gari likasimama, na mwanafunzi akabaki anatetemeka huku akihubiriwa.

Pedali hiyo ndiyo iliyomfanya asilale vizuri wiki zote saba. Marehemu mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea. Siku mkewe alipopata kibali cha kufundisha, alimtengenezea pedali ya breki upande wa abiria, akaiunga na ile ya dereva kwa kipande cha nondo kilichopita chini ya dashibodi, akaitia springi ya kuirudisha. Tangu hapo, kila Jumapili kabla ya kuoga, alijilaza sakafuni mwa gari, miguu ikining'inia nje, akaikagua na kuipaka grisi. "Huu ni mguu wangu," alikuwa akimwambia mkewe. "Wewe ukikanyaga, tunakanyaga wawili."

Sasa alikuwa na miaka sita kaburini. Na kila mwanafunzi aliponusurika hatua moja kabla ya balaa, mjane wake alimshukuru kimoyomoyo. Basi mtu akimwambia auze lile gari, damu ilimchemka. Bila pedali ile hakuwa tayari kukaa kando ya mwanafunzi yeyote, na bila wanafunzi hakujua angeamka asubuhi kufanya nini.

"Mama, lile ni chuma tu," binti yake alimwambia asubuhi ya Jumatatu hiyo ya saba, akivaa viatu vyake vyeupe vya uuguzi. "Mnunuzi wa vyuma chakavu anapita hapa kila siku. Mpe, tupate nafasi ya kupita getini."

"Yule anayeligonga paa utadhani anachagua tikiti maji? Akiligonga tena nitamgonga yeye."

"Na ile shule kubwa ya udereva inakutaka. Nimeshazungumza nao. Magari yao mapya, yana breki mbili kutoka kiwandani."

"Kiwandani nani ananijua mimi?"

Binti akatoka. Ilimbidi apite kiubavu kati ya gari na nguzo ya geti, na mfuko wa sare yake ukanasa kwenye kioo cha pembeni ukachanika. Mama Breki alimwona kupitia dirishani. Alijua kosa ni la nani, na hilo likamzidishia hasira.

Fundi wa gereji alikuwa amesema siku mbili. Alipoishusha giaboksi akagundua kwamba si ya gari hilo. Miaka ya nyuma fundi mwingine alikuwa amepachika ya gari la aina nyingine, na aliyemfuata akabadilisha meno ya ndani kwa aina ya tatu. "Mama, hili gari ni chotara," alisema, akikuna kichwa kwa spana. Siku mbili zikawa wiki mbili. Akaleta spea, haikuingia. Akaleta nyingine, ikaingia ila haikutoka. Baadaye simu yake ikawa haipatikani, na Mama Breki akaanza kwenda kukaa kwenye benchi la gereji kila asubuhi, mkoba mapajani, akimwangalia tu. Fundi alisema baadaye kwamba afadhali angemtukana.

Wanafunzi nao hawakumsubiri. Walikuwa wanne. Watatu walihamia kwenye magari mapya, mmoja wao bila hata kuaga. Akabaki muuza mayai, mama mmoja mwoga aliyekuwa akishika usukani kana kwamba utamtoroka. Huyo naye alipita jioni moja kuuliza, kwa adabu sana, kama kuna habari yoyote. Mama Breki alimwambia wiki ijayo. Alikuwa amemwambia hivyo mara tano, na wote wawili walijua.

Aliyekuja kulichokoza jambo upya alikuwa mkuu wa karakana ya chuo cha ufundi. Zamani alikuwa mwanafunzi wake, yule aliyeivunja nguzo ya geti la kwao siku ya kwanza. Sasa alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na miwani, lakini mbele ya Mama Breki mikono yake ilijikunja nyuma yenyewe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kama umekuja kununua, geuka."

"Sijaja kununua. Nimekuja kuomba. Tupe chuoni. Wanafunzi wetu wanajifunza kwa michoro ubaoni, gari hasa hawana. Hili wangelifungua na kulifunga mpaka walijue."

"Yaani nilitoe bure, halafu lichokonolewe na watu wasiojua kushika bisibisi?"

"Na mimi sikujua kushika usukani, Mwalimu."

Hilo lilimpata. Hakukubali, ila alimwambia kama anajiona fundi, basi aikague ile giaboksi kwanza. Ikitengenezeka, gari linabaki. Isipotengenezeka, watazungumza. Fundi wa gereji akaitwa, akaja kwa mwendo wa mtu anayeitwa polisi.

Walifanya kazi saa nzima. Mama Breki alisimama juu yao, kanga kiunoni, akitoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyaomba. Mwishowe mkuu wa karakana alijifuta mikono na kusema bila kuzunguka kwamba giaboksi imekwisha. Mwili wake wenyewe ulikuwa na ufa, na hakuna duka ambalo lingekuwa na nyingine itakayokubaliana na yale matumbo ya chotara. Kisha, kwa kufuata waya mmoja uliokuwa ukining'inia, akajilaza sakafuni upande wa abiria, miguu nje. Mama Breki aligeuza uso. Hakuwa ameona miguu ya mtu imelala hivyo kwa miaka sita.

Mle ndani ikasikika pedali ikibonyezwa kwa mkono.

"Mwalimu, hii pedali unaitumia?"

"Swali gani hilo? Kila siku."

"Hebu ikanyage. Na wewe fundi, angalia ya dereva."

Mkuu wa karakana akampisha, Mama Breki akaingia, akakanyaga. Pedali ikaenda chini na kurudi juu kwa nguvu zake zilezile.

"Ya huku haijasogea," alisema fundi.

"Tena, Mwalimu."

Akakanyaga tena, kwa kisigino, kwa hasira. Pedali ya dereva ilitulia, haina habari.

Nondo ilikuwa imekatika palepale ilipochomelewa. Springi ndiyo iliyokuwa ikiirudisha pedali na kuudanganya mguu wake kwamba kuna kitu upande wa pili. Mama Breki alimgeukia fundi wa gereji, akamwambia ameivunja yeye na spana zake. Fundi akaapa kwa watoto wake wote.

"Si yeye," alisema mkuu wa karakana taratibu. Alimwekea Mama Breki kipande kilichokatika kiganjani. "Angalia mkato, umeliwa na kutu mpaka ndani. Si wa mwezi huu wala wa mwaka huu. Na grisi hii imekauka, imekuwa udongo. Hakuna mtu aliyelala hapa siku nyingi sana."

Mama Breki alikuwa anajua ni siku ngapi. Alishuka, akaketi kwenye kizingiti cha geti. Picha zikamjia moja baada ya nyingine: muuza mayai kwenye kona ya shule, watoto wanavuka, mwanafunzi mwingine, kijana wa benki, akiuelekea mkokoteni wa maji, mwingine tena akiuelekea ukuta wa zahanati. Kila mara alikanyaga. Kila mara alipiga ukelele kwanza, na mwanafunzi, kwa kuogopa ukelele kuliko ukuta, akakanyaga mwenyewe. Kuku mmoja akapita karibu na miguu yake, naye Mama Breki akamfokea mpaka kuku wote wakatoka chini ya gari.

Binti yake, aliyekuwa ametoka kazini na kuyasikia ya mwisho, alichuchumaa kando yake. "Mama, basi ni sauti yako iliyowasimamisha. Miaka yote hiyo."

"Usinibembeleze. Ningeua mtu."

"Lakini hukuua."

"Kwa bahati! Hiyo ni kazi ya kufanyia bahati?" Akakigeuza kile kipande cha nondo mkononi. Aliponena tena, sauti iliyosumbua wauza nyanya miaka ishirini na moja ilikuwa haisikiki vizuri. "Nilidhani tunakanyaga wawili. Kumbe nilikuwa peke yangu."

Fundi wa gereji akainama kukusanya spana ambazo zilikuwa zimeshakusanywa.

Mama Breki alisimama, akakung'uta kanga. "Chukueni," alimwambia mkuu wa karakana. "Lakini kabla hamjafungua hata nati moja, chomeleeni hii. Siliachi gari langu likiwa linadanganya."

Alhamisi likavutwa kwa kamba hadi uwanja wa chuo, ambao una mteremko unaoishia kwenye ukuta wa karakana. Nondo ilikuwa imechomelewa, mshono umesuguliwa vizuri. Mama Breki aliukagua, akatafuta kasoro, akaikosa. Akaketi kwenye kiti chake cha siku zote, mkuu wa karakana akashika usukani.

"Miguu yako iweke nyuma," alimwagiza. "Usiguse kitu. Nataka nisimamishe mimi."

"Na ukuta je, Mwalimu?"

"Ulishagonga nguzo, ukapona."

Wakasukumwa. Gari likateremka polepole, kisha si polepole. Ukuta ukaja. Mdomo wa Mama Breki ukafunguka wenyewe kwa mazoea, akaufunika kwa viganja vyote viwili, akakanyaga. Pedali ilikuwa nzito, maana injini ilikuwa imezimwa. Akaikandamiza kwa uzito wake wote, mgongo ukigandamana na kiti. Matairi yakakwaruza changarawe, gari likasimama. Kati ya bampa na ukuta mtu angeweza kupita, kiubavu.

"Imeshika," alisema mkuu wa karakana, akihema.

Mama Breki aliuacha mguu palepale, mikono bado mdomoni, machozi yakimpita katikati ya vidole. Kisha akavuta breki ya mkono, akautoa mguu, akashuka na kumkabidhi ufunguo.

"Ipakwe grisi kila Jumapili."

"Jumapili chuo kinafungwa, Mwalimu."

"Basi Jumatatu. Nitakuja kuangalia."

Njiani kurudi nyumbani alitembea mbele, mkoba kwapani, binti yake, aliyekuja kushuhudia, akimfuata kwa shida. Walipofika getini, pale palipokuwa na gari palikuwa na doa la mafuta na kuku wawili wasioelewa. Alisimama akapatazama. Halafu akamwambia binti yake awapigie simu wale wa shule kubwa, na kabla ya kuzungumza lolote lingine, awaulize ni nani anayelala sakafuni mwa magari yao kukagua pedali ya pili, na mara ya mwisho alilala lini.