Sauti ya Mzee Wakhungu

Mzee Wakhungu wa Malakisi alikuwa msemaji wa kumuse, hotuba ya Wabukusu ya kuwaliwaza wafiwa. Baada ya mazishi alisimama mbele ya waombolezaji, akakohoa kidogo, kisha akawafariji wafiwa kwa habari za ukoo wao, na ole wake aliyemkatiza. Alipofariki mwaka 2008, bintiye Nakhumicha aliapa kwamba babake hatasemewa na mgeni. Atajisemea mwenyewe. Sauti yake ilikuwapo, imerekodiwa na kituo kidogo cha redio mjini Kitale, ambako Nakhumicha alikuwa fundi wa kompyuta.

Rekodi zilikaa kwenye diski moja iliyotumiwa na mashine pepe mbili, yaani kompyuta za kuigizwa na programu, kila moja ndani ya kompyuta yake halisi, ili moja ikianguka nyingine ishike kazi. Diski ya aina hiyo hukabidhiwa mashine pepe ikiwa ghafi, kwa hiyo kompyuta halisi ikiitazama huiona kama tupu. Na tazama balaa: kompyuta ya kwanza iliiita namba nne, ya pili ikaiita namba sita. Kinachoitambulisha kwa hakika ni ile namba ndefu ya kiwandani inayochosha macho, ambayo haibadiliki popote.

Nakhumicha alikuwa Bungoma kuchukua mwili. Huku kwetu mfiwa hufanyiwa kazi zake, hata ng'ombe wake hukamuliwa na jirani. Gathii, mwenzake wa ofisini, alijua kuna diski kuukuu, namba sita kwa hesabu ya kompyuta ya kwanza, ambayo Nakhumicha alipanga kuifuta. Akaketi kwenye kompyuta ya pili kwa moyo safi kabisa, akaifuta sita. Mashine pepe zote mbili zikaanguka kwa pamoja. Nakala za akiba nazo, kumbe, zilikuwa zikiziruka diski ghafi siku zote.

"Dada, nilitaka tu nikupunguzie kazi, si uko na matanga," Gathii alilia kwenye simu. "Ilionyesha haina kitu, bana."

"Uliangalia ile namba ndefu?"

Nakhumicha alitamani kumtukana, lakini unamtukanaje mtu aliyekukamulia ng'ombe?

Huko Malakisi alimkuta mamake ameshakodi spika na kuweka kiti cha marehemu kando yake.

"Mama, baba hatazungumza. Sauti yote imefutika."

Mama aliigeukia spika.

"Hata kile kikohozi chake, mwanangu?"

"Hata hicho, mama."