Kura ya Dirishani

Wifi yangu haamini kona. Ukuta anaweza kuusamehe, dari pia, lakini kona ataipigia magoti na kuichokonoa kwa kijiti mpaka itoe ilichoficha. Ndiyo maana pale ukumbini tunapofanya kazi, yeye usafi na mimi chai, watu wote wanamwita Mama Kona. Miaka kumi na minane anaulea ule ukumbi kama mtoto mgonjwa.

Tatizo lake ni mdomo. Mimi nami ninao, ila wangu una mlango. Aliwaambia wanakwaya kwamba wakiimba wanatema mate. Akamwambia mgeni rasmi mmoja avue viatu. Meneja akamwita ofisini: "Nimeshapokea malalamiko mawili juu yako. Likija la tatu, unaniachia ufagio, unakwenda kupumzika kwa kaka yako."

Kaka yake ndiye mume wangu, na nyumba yangu ina kona nyingi. Kwa hiyo niliposema nitamchunga wifi, nilikuwa najichunga mwenyewe.

Jumamosi ile asubuhi ukumbi ulikodiwa na chama cha watazama nyota, watu kumi na wawili, wazima kabisa ukiwaangalia. Walikuwa wanatengeneza bango la kupeleka shuleni, wakakwama: waandike sayari nane au tisa? Pluto awemo au asiwemo? Mwenyekiti wao, mpima ardhi mstaafu, alieleza kwamba mwaka 2006 wataalamu wa nyota wa dunia walikutana, wakanyoosha kadi za njano, na Pluto akatolewa kwenye sayari. "Nasi tutapiga kura vivyo hivyo," akasema, akaketi kukata kadi za njano kwa mkasi.

"Si wakubwa wameshaamua?" nikauliza huku nikimmiminia chai.

"Wameamua, lakini ubishi haujaisha, dada," akajibu fundi saa, bwana mwembamba mwenye miwani mizito. "Mpaka leo wapo wasiokubali. Na sisi tumo."

Mama Kona alikuwa amesimama juu ya ngazi, anafuta vumbi dirishani. Nilimkazia macho anyamaze. Akanyamaza. Nilijisifu kimoyomoyo.

Katibu wao, nesi mwenye sauti ya wodini, akasimama. "Wanaosema Pluto ni sayari?" Akahesabu: saba. "Wanaokataa?" Sita. Akaandika, wakapiga makofi.

"Ngoja," akasema fundi saa. "Saba na sita ni kumi na tatu. Sisi tuko kumi na wawili."

Wakajihesabu, wakajikuta kumi na mmoja, kwa sababu mwenye kuhesabu alijisahau. Wakarudia, wakafika kumi na watatu, maana safari hii walinihesabu na mimi na birika langu. Nikaanza kucheka, nikaona aibu, nikacheka zaidi. Mwisho nesi akanyoosha kalamu juu. "Ile ya saba ilikuwa kule."

Wote wakageuka. Mama Kona juu ya ngazi, mkono hewani, na mkononi kitambaa chake cha vumbi, cha njano.

Kicheko kikanikauka. Ofisi ya meneja iko upande wa pili wa ukuta. Lalamiko la tatu hilo, na wifi anahamia kwangu.

"Nafuta vumbi mie," akasema. "Chama chenu sikijui."

Ukimtoa yeye, wamebaki sita kwa sita, na mwenyekiti kura yake ameshaitumia. Fundi saa akasema, "Basi mama ashuke atuamulie. Si ameshaingia kwenye hesabu?"

"Wifi, ndoo inakungoja," nikamwambia.

"Wifi, kachemshe maji." Akashuka. "Haya, ili mtu awe sayari anatakiwa aweje?"

"Mambo matatu," akasema mwenyekiti. "Kwanza, alizunguke jua yeye mwenyewe, asiwe mwezi wa mwingine."

"Pluto analizunguka?"

"Analizunguka. Pili, awe na uzito wa kujivuta mpaka awe mviringo."

"Ni mviringo?"

"Kama chungwa. Tatu, awe amesafisha njia yake anayopita."

Mama Kona akakichomeka kitambaa kiunoni. "Amesafisha?"

Mwenyekiti akakohoa. "Kuna vipande vya barafu, maelfu kwa maelfu. Na mwenzake mmoja anayelingana naye hivi."

"Naye anapita katikati yake, anaviangalia tu?"

"Ni mdogo, mama," akamtetea fundi saa. "Atasafishaje? Hata dunia yetu ina mawe yanayokatiza njia yake."

"Vumbi la kupita na uchafu uliohamia ni vitu viwili, baba. Na udogo usinitajie. Mimi ni mdogo, na ukumbi huu mnauona." Akamgeukia nesi. "Andika. Mzunguko anao, umbo analo, usafi hana. Si sayari. Ana jina lingine?"

"Sayari kibete," akasema nesi, akicheka mpaka kalamu ikamwanguka.

"Mpeni hilo, limtoshe."

Ukumbi ukalipuka. Mwenyekiti, anayempenda Pluto tangu shule ya msingi, alicheka mpaka akatoa machozi, au alilia akamalizia kwa kucheka. Na hapo meneja akasimama mlangoni. "Kuna nini? Huyu mama amewasumbua? Mwenye malalamiko anyooshe mkono."

Niliziba uso kwa kifuniko cha birika, nikachungulia pembeni. Hakuna mkono. Nesi ameikalia mikono yake. Nikashusha pumzi.

Kisha mkono mmoja ukapanda, na ulikuwa wa wifi yangu.

"Mimi ninayo," akasema. "Wote hawa wanazunguka, na wengine umbo la mviringo wanalo. Lakini tazama chini ya viti vyao, vipande vya kadi kila mahali. Sasa nao niwaite nini?"

Meneja akafungua mdomo. Kabla hajasema, watu wazima kumi na wawili walikuwa wamepiga magoti wanaokota vikaratasi vya njano, mwenyekiti mbele yao, mkasi mfukoni. Meneja akawatazama, akamtazama Mama Kona, akauvuta mlango taratibu kama mtu aliyekosea chumba.