Maana Alizokwenda Nazo Athumani

Enzi zetu pale Chaani hatukuwa na mlima. Tulikuwa na malundo ya kokoto kando ya barabara, na kila lundo tulilipa jina la kilele cha Ayalandi. Mwalimu wetu wa jiografia alitoka huko. Alisema majina yale ni ya Kiairishi, lugha ya bibi yake, na kila moja lina maana. Basi tulipanda tukiyataja kwa kelele, magoti yakichubuka, vumbi mpaka kwenye kope.

Mimi na kaka yangu Athumani tuligawana, kama Mama alivyotuzoesha kwa masomo ya chuo cha Kurani: mmoja ashike maneno, mwenziwe ashike maana, jioni tuunganishe kwenye sahani moja ya mbaazi na mahamri. Majina yakawa yangu: Mukishi, Erigali, Slivunamoni, Karantuhili. Maana zikawa zake. Ya Mukishi tu niliishika, kwa kuwa ni mgongo wa nguruwe, na Mama aliposikia alisema, "Astaghfirullahi! Huko Ulaya hakuna mlima wa halali?" Tulicheka hadi mahamri yakatupalia.

Athumani tumemzika wiki iliyopita. Jana, baada ya hitima, binti yake Mwanaisha alinisogelea. Tangu akiwa mchanga babake alimwita Erigali.

"Shangazi, maana yake nini?"

Nikanong'ona ninayoyakumbuka: kulikuwa na mlima wa wanawake. Kulikuwa na wa mundu. Kulikuwa na kijumba cha sala. Upi ni upi, sijui. Miaka yote nilijua kaka yupo, nitamuuliza.

"Si umwambie ni wanawake, wifi," mjane wake akaninong'oneza. "Mtoto atulie."

Ulimi ulikuwa tayari. Nikaurudisha.

"Sijui, mwanangu. Maana alikuwa nazo babako."

Watoto wa leo hawalikubali neno sijui. Akatoa simu, akaandika jina kama nilivyolitamka, ikamletea saluni ya Nairobi. Akajaribu tena, ikaleta duka la matairi. Mwalimu alituandikia ubaoni, lakini herufi zile hazikufuatana na sauti, nasi tulishika kwa sikio.

Zamani ukisahau jambo ulimwendea aliyelishika. Sasa wanauliza simu, nami sina wa kumwendea.

Mwanaisha akaiweka simu mkekani. "Basi niite wewe, shangazi. Kama Baba."

"Erigali."

"Abee," akaitika, akainama akilia. Nami wallahi sijui nimemwita nani.