Shibiri Nne Kila Upande

Nani katika rika letu hajawahi kufukuzwa kwenye meza ya keram? Sisi watoto wa Kiponda, miaka ile ya hamsini, tulifukuzwa kila siku. Meza ilikuwa mtaa wa Mlandege, mbele ya duka la vitambaa, na wenyewe hawakutaka hata tuiguse. "Rudini kwenu mkacheze gololi," walituambia. Tukajichekesha kama hatujali, lakini roho zilituuma njia nzima.

Basi tukaamua kuunda yetu. Tulikuwa wanne: mimi, Salum mwenye maneno mengi, Petro aliyeazima msumeno kwa mjomba wake, na Haji, mtoto wa Kitumbatu, mdogo kuliko sote. Ubao tuliupata kwenye mgongo wa kabati bovu la bibi yangu. Bibi alitukuta tumelipindua ukumbini.

"Kabati langu mnalifanya nini?"

"Shikamoo bibi. Tunalifuta vumbi," akajibu Salum.

"Marahaba. Futeni, lakini nkirudi nlikute kabati."

Aliporudi alikuta vumbi tu. Akavua mtalawanda mguuni, nasi tukatoka mbio na mbao zetu kichwani, tunacheka mpaka mbavu zinauma.

Kila mtu akapewa upande wake akate. Salum, ambaye hajapata kupigilia hata msumari, akatangaza kwamba fundi wa kweli hupima kwa mkono: shibiri nne kila upande. Tukatii. Kila mmoja akapima shibiri nne za mkono wake mwenyewe, akatia alama kila shibiri kwa ncha ya msumari, akakata. Tulipozigongomea pamoja, meza ikatoka imekwenda upande kama kanga iliyovutwa pembe moja. Petro alicheka hadi akakaa chini. Haji ndiye aliyekaribia kulia, kwa kuwa upande wake ndio mfupi.

Mbao zilikuwa zimekwisha, tukaicheza hivyo hivyo. Kete tulizikata kwenye mpini wa fagio, poda ya kuzitelezesha tukaichota kwa mdogo wangu mchanga. Ramadhani nzima, kila baada ya alasiri, baraza yetu ilinukia mtoto aliyetoka kuogeshwa, na Haji alicheza kajibana pua, akihofia harufu itamfunguza.

Siku ya Idd wakaja wa Mlandege na kanzu zao mpya. Walipoiona meza walicheka mpaka kofia zikawaanguka. Salum, bila kumuuliza mtu, akasema, "Mkitufunga, ichukueni." Meza yetu, kabati la bibi, yote yamewekwa rehani kwa mdomo wa Salum.

Lakini wageni walipiga kete zao kwa hesabu za meza iliyonyooka. Zikigonga upande wa Haji zinakwenda zisikotakiwa, wao wakitazamana. Sisi tulikuwa tunaujua ukombo ule kama njia ya chooni. Mwishoni ikabaki kete nyekundu, na zamu ni ya Haji. Akapanda juu ya kasha, akajibana pua kwa mazoea, akaipeleka kwenye upande wake mwenyewe. Ikarudi taratibu, ikatumbukia shimoni. Tulimbeba juu juu mpaka Darajani, kanzu yake imejaa poda, na furaha ile sijaionja tena.

Watoto wa leo wana keram ndani ya simu. Pembe zake zote sawa, haiombi msumeno wala haimkasirishi bibi. Mjukuu wangu akikaribia kufungwa huizima, mambo yakaishia hapo.

Juzi simu ilimwishia chaji, akaniuliza kwa nini ile meza niliyoitundika ukutani ni kombo. Nikaigeuza, nikamwonesha alama za msumari, shibiri za kila mmoja wetu. Wenzangu wote wametangulia. Haji ndiye wa mwisho kuniaga. Mtoto akatandaza kiganja chake kwenye alama za Haji, kikaenea sawasawa. Akataka kukiondoa, nikamwomba akiache hapo kidogo.