Sosi ya Mboga ya Awuor

Awuor wa Kangemi hushona sare za shule kwa jicho tu. Utepe wa kupimia huuvaa shingoni kama pambo. Mtoto akiingia kibandani mwake, mamake hajamaliza salamu Awuor keshakijua kiuno. Kupika nako hupika vivyo hivyo, na mgeni akitoka kwake bila kulegeza mshipi, yeye hukosa raha wiki nzima. Ndiyo maana habari ya Nzuki ilimkata maini.

Nzuki, fundi wa stima kutoka Mutuini, alikuwa mchumba wa binti yake Lornah. Angekuja Jumapili baada ya kanisa, kwa mara ya kwanza. Lornah alipiga simu Ijumaa.

"Mum, Nzuki hakulangi nyama."

"Sawa. Nitachinja kuku."

"Kuku pia ni nyama."

Awuor aliweka mkasi chini. "Tangu lini?"

Baadaye Lornah akamtumia ujumbe wa sauti. "Kuna salad ya Kivietnam anapenda, ya kabichi, karoti na karanga. Siri ni sauce: ndimu, sukari, maji, saumu, pilipili. Huko Vietnam wanawekanga maji ya samaki ya kuozeshwa, lakini wewe fanya ya mboga. Chumvi itoke kwa mboga. Na Mum, please, akitoka kwako na njaa, simrudishi tena, na mimi pia sirudi. Nimechoka kuaibika."

Maneno hayo ya mwisho yalimuuma kweli. Kama mgeni hachinjiwi kuku, basi heshima yote ya nyumba ilikuwa imebaki ndani ya bakuli moja la sosi. Aliusikiliza ujumbe mara tatu. Ya mboga, alisema mtoto.

Sasa, katika nyumba ya Awuor, kama katika nyumba nyingi za Nairobi, mboga ni chochote kinachoteremsha ugali. Sukuma ni mboga. Maharagwe ni mboga, mayai ni mboga, na Mungu akijalia matumbo nayo ni mboga. Katika mboga zote hizo, yenye chumvi yake yenyewe ni ipi? Omena, wale dagaa wa ziwani waliokaushwa, bila shaka. Awuor akawashangaa sana Wavietnam kwa kuozesha samaki ambao jua lingewakausha bure.

Jumapili, mara alipotoka kanisani, aliwakata omena vichwa, maana ni vichungu, akaviweka kwenye sahani kando ya jiko. Miili aliikaanga bila mafuta, akaitwanga pamoja na saumu, akailoweka na kuichuja. Sukari aliiyeyusha katika maji vuguvugu, akakamua ndimu, akakatakata pilipili. Alipoonja, jicho moja likajifunga. Akaongeza sukari, ukali ukapoa. Akaongeza maji ya omena kijiko kimoja, halafu kingine, mpaka utamu, ukali, chumvi na uchachu vikaacha kugombana. Akamwita jirani yake Namalwa aonje.

"Dada," Namalwa alisema akilamba kidole, "na hii, hata kiatu kinalika."

Nzuki alifika pamoja na Lornah, akiwa na shati lililopigwa pasi hadi likakaa kama kadibodi. Lornah alitoa chupa ya sosi ya soya mkobani. "Mum, nimeleta ya kuweka chumvi."

"Weka kando. Nimeshamaliza."

Nzuki alikula ile kabichi na sosi yake. Akaongeza. Akaongeza tena, na Awuor akajisikia mwepesi, kwa maana binti yake alikuwa akimtabasamia kwa mara ya kwanza mwaka huo.

"Mama, hii ni moto!" Nzuki alisema. "Unajua, watu huniona mgumu, lakini sheria yangu ni moja tu. Kitu yoyote iko na macho, sikuli. Miaka nne sasa."

Awuor aligeuka kuelekea jikoni. Kwenye sahani, vichwa mia mbili vya omena vilikuwa vikimtazama.

Mezani hakuna aliyejua. Angenyamaza, mchumba angeshiba, binti angerudi, na Namalwa angehongwa kwa bakuli. Lakini kijana yule alikuwa anakula kwa imani.

"Baba, weka hiyo uma chini," alisema. "Hii mboga iko na macho. Ni omena."

"Mum!" Lornah alijifunika uso. "Si nilikwambia mboga!"

"Na omena ni nini, kama si mboga?"

Nzuki aliinuka, akatoka nje. Walisikia mfereji ukifunguliwa, kisha ukifungwa. Lornah alianza kulia polepole, na Awuor akatamani angezaliwa bubu.

Mlango ukafunguka. Nzuki aliingia akijifuta mdomo.

"Soya iko wapi? Mama, wewe kamua ndimu. Mimi nitaponda saumu."

Walisimama bega kwa bega jikoni. Nzuki alimimina soya mno, sosi ikawa nyeusi kama lami. Awuor akampiga kofi dogo mkononi, akaiokoa kwa ndimu na maji.

"Hujakasirika?" aliuliza mwishowe.

"Nimekasirika kidogo." Nzuki alionja, akafikiri. "Mama, huyu mathee wangu aliyenizaa, Kanyiva, kila siku hunipikia muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe. Anaapa ameweka maji peke yake, na mimi naona mafuta ya supu ya mifupa ikielea juu. Miaka yote nne. Wewe ndio mtu wa kwanza kuniambia ukweli kabla nimalize sahani." Alikoroga tena. "Jumapili ijayo nitamleta hapa."

Awuor aliliachia ganda la ndimu likaanguka. Mama wa mwanamume havuki kutoka Mutuini hadi Kangemi kufuata kabichi.