Maji Yametoka, Ova

Miaka ile ya ruksa kila kitu kilikuwa ruksa: mitumba, maduka ya watu binafsi, hata kuisema serikali kibarazani. Redioni tu ndiko hakukuwa na ruksa. Kituo chetu cha afya huko delta kilikuwa na redio ya upepo, na amri ya wilayani ilikuwa moja: kituo kisiongee na kituo. Unamwambia opereta wa wilayani, naye ndiye anayefikisha. Ukibonyeza maiki bila kuitwa, utafokewa na vituo vyote vinasikia.

Mimi nesi, mtu wa bara, sikuwa nimemaliza hata miezi miwili pale. Asubuhi moja akaletwa binti, mimba ya kwanza, mkono wa mtoto umetangulia. Hilo halikuwa la kituo chetu. Alihitaji boti ya injini kutoka Mohoro impeleke hospitali. Nikaita wilayani: "Mzazi hali mbaya, maji yametoka, naomba boti haraka, ova."

Opereta, mtoto wa pwani, akamwita nahodha wa Mohoro. Nikamsikia kwa masikio yangu: "Huko maji yametoka, utakwama kwenye tope. Subiri yajae, uende jioni, ova."

Loo! Kwetu bara maji hayaendi wala hayarudi. Mimi nilisema ya chupa, yeye akasikia ya bahari. Nikamwita, nikamwita tena. "Subiri zamu yako, sista!" Akaendelea na vituo vingine, huyu anaomba chanjo, yule mafuta ya taa. Bibi wa yule binti akanishika gauni: "Mwanangu, boti vipi?" Nikamdanganya kwamba inakuja. Niliogopa binti asije akanifia, na nasema kweli, nilimwogopa na opereta pia. Aibu ya hilo la pili haijanitoka hadi leo.

Mwishowe nikabonyeza. "Mohoro, Mohoro! Ni chupa iliyopasuka, baba, si bahari! Maji huku yamejaa, njoo!"

Opereta akafoka weee! Sikujua kama nahodha amenisikia, mpaka niliposikia injini mtoni, saa nzima na zaidi baadaye.

Mama alipona. Mtoto hawakumuwahi, walichelewa kidogo tu, ndivyo walivyoniambia hospitali.

Kisha ikaja barua ya wilayani: maiki ifungiwe kwenye droo, ufunguo akae nao mganga wa kituo, itolewe kwa saa za ratiba tu. Nikatia sahihi huku nalia kwa hasira.

Wiki ya pili mganga akaenda semina Kibiti, ufunguo mfukoni. Saa nne asubuhi nikasikia hodi. Mwanamke ameegemea mlango, mkono kiunoni, khanga imelowa.

"Sista, maji yametoka."

Sikumuuliza ni yapi. Nilimlaza kitandani, nikaenda jikoni, nikachukua shoka la kuni, nikaiendea ile droo ya maiki.