Maharage ya Mwanamina Wakati wa Miko

Jamani, kuna mwanaume aliyenusurika vita ya Majimaji kwa bakuli la maharage. Na hakushukuru mpaka anaingia kaburini.

Tulieni niwape mkasa, kama unavyosimuliwa kwetu Kibiti.

Mwanamina alikuwa mke mkubwa wa Miraji. Mke mdogo, Biasha, alikaa nyumba ya pili, ua mmoja. Huyu akikohoa, yule anasikia. Hapo pana amani kweli?

Ikaja habari ya dawa. Ukinyweshwa yale maji, risasi ya Mjerumani haikupati. Miraji na wenzake wakaenda kunywa, wakarudi na miko: marufuku kumgusa mke, marufuku kula cha chungu cha mke, mpaka vita iishe. Wakahamia bandani wote, wanajipikia ugali wa muhogo kwa chumvi.

"Vumilia, shoga," jirani yake Kijakazi alimwambia. "Sadala wangu naye yuko huko. Hata simsogelei."

Mwanamina angevumilia. Tatizo Biasha.

Kila alasiri Biasha alitoka na bakuli, kalifunika kwa kawa, njia ya bandani hiyo, anajitikisa.

Roho ikamchoma Mwanamina. Kumbe miko ni yangu peke yangu! Mwenzangu analisha mume, mimi nimekaa kama mjane!

Siku ya tano uzalendo ukamshinda. Akashusha soseji.

Ndiyo, soseji! Shangazi yake aliwahi kumpikia Mjerumani mmoja kule Mohoro, akamfundisha: utumbo wa mbuzi unaoshwa, unajazwa nyama iliyokatwakatwa, kitunguu saumu na pilipili manga, unaning'inizwa juu ya moshi. Miraji kwa kitu hicho alikuwa hajiwezi.

Maharage yalichemka tangu asubuhi. Akakaanga kitunguu, akatia soseji vipande vinene, akamalizia na tui zito. Akabeba mpaka bandani. Miraji alikuwa peke yake, wenzake wako porini wanakata miti ya mishale.

"Mke wangu, unataka kuniua?"

"Kama cha Biasha hakikuui, changu kitakuuaje?"

"Cha Biasha kipi?"

"Usinifanye mtoto mdogo. Kula!"

Siku tano za muhogo mkavu, ndugu zangu. Mkono ukaingia bakulini wenyewe. Alikula mpaka akaramba vidole.

Kuinua kichwa, Biasha huyo hapo, na bakuli lake.

"Unakula kwa bi mkubwa?" akapiga kelele. "Mimi napita hapa kila siku kumpelekea mama yangu uji, mgonjwa yule, nakukwepa hata kukutazama, nalinda uhai wako! Mwenzangu anakulisha soseji?"

Akaangua kilio, kijiji kikajaa. Mtoro, kiongozi wao, akamvua Miraji kibuyu cha dawa shingoni.

"Umeshaichafua dawa. Ukifuatana nasi utatuua wote."

Kesho yake wanaume kumi na tisa wakaondoka kwenda vitani. Miraji akabaki, kajifunika shuka gubigubi kwa aibu. Mwanamina alijua kosa lake. Lakini moyoni, astaghfirullah, kulikuwa na kijifuraha: kala changu, hakula cha yule.

Wiki ya pili akarudi mtu mmoja. Mmoja! Bunduki za Mjerumani hazikuuliza nani kashika miko na nani kala.

Miraji akaishi miaka mingi, anaitwa mla maharage, na chungu cha Mwanamina hakukigusa tena. Alikula kwa Biasha mpaka mwisho.

Mwanamina alikwenda kumpa pole Kijakazi, ambaye Sadala wake hakurudi. Akamkuta mkekani, kakaa eda. Kijakazi akamtazama, na lile jicho Mwanamina alilijua vizuri. Ndilo alilokuwa akimtazamia Biasha.

"Miko nimeishika yote, shoga," Kijakazi akasema. "Sikumpa hata tonge la kumuaga. Laiti na mimi ningekuwa na wivu kama wako."

Mwanamina akaketi naye mkekani.

Wivu mbaya, hilo nakubali. Ila mwenzio akiwa safarini kwenda kufa, mpikie kwanza, lawama zitakuja baadaye.